Mwanafunzi wa fildi si kibarua wa bure

Kila mwaka, mpunga ukishavunwa na mashine za kukoboa zikaanza kunguruma mchana kutwa, katika barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara huonekana vijana wenye begi mgongoni na bahasha ya kaki mkononi. Wengine hushuka Mang'ula, wengine Kisawasawa, wengine Kiberege, na wengine hufika hadi Ifakara mjini. Ndani ya bahasha mna barua ya chuo kikuu inayomwomba mwenye ofisi, shamba, kiwanda au duka ampokee mwanafunzi kwa majuma kadhaa ya mafunzo kwa vitendo. Wenyewe huyaita fildi.

Barua hizo hupokelewa kwa namna mbili. Wapo wanaoisoma, wakaikunja na kusema hapa hakuna nafasi, nenda kampuni ya sukari. Na wapo wanaofurahi kupita kiasi kwa sababu wamepata mtu wa kufagia stoo, kuchemsha chai na kupanga magunia bila kulipwa. Tunadhani wote wawili wanapoteza, na anayepoteza zaidi ni huyu wa pili, kwa sababu mtu mwenye elimu aliyoihitaji alikaa kwake majuma manane na yeye hakujua.

Tuanze na huyu wa kwanza. Ni kweli kwamba katika Bonde la Kilombero zipo taasisi kubwa ambazo wanafunzi huzikimbilia. Ipo Kampuni ya Sukari Kilombero kule Kidatu, ipo Taasisi ya Afya Ifakara, kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ifakara ambacho wazee wengi bado wanakiita KATRIN, na ipo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa yenye makao yake Mang'ula. Lakini nafasi za huko hazitoshi wote. Tena mwanafunzi anayesoma biashara ya kilimo au uhasibu, akipelekwa kwenye ofisi kubwa, aghalabu hupewa meza moja na faili moja, na siku ya kuondoka hajui hata bidhaa inaingiaje na kutokaje. Kwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ununuzi, usindikaji, uuzaji, madai na matengenezo vyote viko chini ya paa moja la bati. Kwa mwanafunzi, hapo pana somo ambalo halipatikani darasani.

Wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi hawaamini hili. Huona haya kumpokea msomi kwa sababu biashara yao haina ofisi, wala kompyuta, wala kiti cha ziada. Ukweli ni kwamba chuo hakitafuti kiti. Kinatafuta mahali penye kazi halisi na mtu mzima wa kumwangalia kijana wao.

Wanaokumbuka historia watajua kwamba jambo hili lina mizizi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza akafanye kazi ndipo aombe nafasi ya chuo kikuu. Utaratibu huo ulikwisha zamani, na hatusemi urudi. Ila matokeo yake ni kwamba kijana wa leo hutoka bweni la sekondari akaingia bweni la chuo, na yawezekana siku anaposhuka kwenye basi pale Kisawasawa ndiyo siku yake ya kwanza maishani kuwa mahali pa kazi. Hajui kwamba mteja akikasirika haumwonyeshi kitabu. Hajui kwamba fundi wa mashine hapigiwi simu mara tatu kwa dakika tano. Mwajiri anayelijua hilo hatamshangaa kijana wala kumcheka. Atamfundisha.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni majira. Kalenda ya chuo na kalenda ya shamba hazipatani. Vyuo vingi hutoa wanafunzi wake kati ya Julai na Oktoba, kila kimoja kwa ratiba yake. Katika bonde letu mpunga wa mvua hupandwa kuanzia Desemba na Januari, hupaliliwa katikati ya masika, na huvunwa kuanzia Mei hadi Julai. Kwa hiyo mwanafunzi wa kilimo anapofika, shamba la mpunga limebaki mabua. Mwenye shamba aliyekuwa akimngoja aje amsaidie kupandikiza kwa mistari au kutambua magonjwa amechelewa, na kijana naye huishia kukaa chini ya mwembe akijaza kitabu chake habari za palizi ambayo hakuiona.

Dawa yake ni kumpa kazi ya majira aliyoyakuta. Julai hadi Septemba ni wakati wa kuanika, kuhifadhi, kukoboa, kupima na kuuza. Ni wakati wa miwa kukatwa na kupelekwa kiwandani. Ni wakati pia wa bustani za mboga kwenye mabonde yenye maji. Na zaidi ya yote ni wakati wa hesabu, maana fedha ya msimu iko mikononi na kumbukumbu zake bado ni mbichi. Anayetaka kweli mwanafunzi wa wakati wa kupanda aandikie chuo mapema aulize kama wapo wanaotoka miezi hiyo, badala ya kulazimisha wa Julai afanye kazi ya Januari.

Hapa ndipo tunapotaka mwajiri atulie kidogo. Kabla hajatia sahihi barua ya kumkubali mwanafunzi, achague kazi moja. Tunasema moja. Si lazima iwe kubwa, ila iwe na mwanzo na mwisho, na jibu lake liwe na faida kwake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mwenye mashine ya kukoboa. Wateja wanalalamika kwamba mashine yake "inakula mchele". Yeye anasema mpunga wao ni mbaya. Ubishi wa namna hii hauishi kwa maneno, kwa sababu hakuna aliyepima. Mpe mwanafunzi mizani na daftari. Kila gunia linaloingia aandike uzito wa mpunga, mahali ulikotoka, aina yake kama ni Supa au SARO 5, na kama umekauka vizuri. Likitoka aandike uzito wa mchele, wa chenga na wa pumba. Baada ya majuma mawili daftari litaanza kusema. Tuseme gunia la kilo 100 za mpunga linatoa kilo 60 za mchele, na baada ya kubadilisha rola za mpira zilizochakaa linatoa kilo 63. Kilo tatu zaonekana kidogo. Lakini kwa magunia 40 kwa siku hizo ni kilo 120 za mchele, na mteja anayezipoteza kwako atakwenda kuzitafuta kwa jirani yako.

Au huenda daftari likasema kinyume, kwamba rola ni nzima na tatizo ni uanikaji. Mpunga unaofaa kukobolewa una unyevu wa karibu asilimia 14. Uliozidi hapo husagika na kushika ukungu ghalani, na ulioanikwa juu ya jua kali kupita kiasi hupasuka ndani ya ganda ukatoka chenga. Kijana aliyesoma somo la usindikaji anayajua haya kwa nadharia. Wewe unayajua kwa kuuma punje kwa meno. Mkikaa pamoja majuma sita, kila mmoja ataondoka na kitu cha mwenzake.

Kwa wakulima wa miwa wa nje, wale wanaouzia kiwanda kupitia vyama vyao vya AMCOS, kazi ipo tena nzito zaidi. Malipo yao hutegemea mambo mawili, uzito wa miwa iliyofika na kiwango cha sukari kilichopimwa ndani yake. Muwa ukikatwa na kulala shambani siku kadhaa hupungua vyote viwili. Malalamiko juu ya vipimo ni ya miaka mingi na hatutaki kuyaamua hapa. Lakini chama kinachokwenda kwenye mazungumzo kikiwa na malalamiko bila tarehe ni chama kinachokwenda kuomba huruma. Mwanafunzi mmoja wa hesabu au uchumi kilimo, akikaa na stakabadhi za wanachama, anaweza kupanga kwenye jedwali: shamba la nani, lilichomwa lini, lilikatwa lini, gari liliondoka saa ngapi, mizani ilisoma tani ngapi, kiwango cha sukari kilikuwa ngapi. Kazi hiyo haihitaji kompyuta ya bei mbaya. Ikikamilika, chama kitajua kama hasara inatokea kwenye mizani, kwenye ucheleweshaji wa magari, au kwa mwanachama mwenyewe aliyekata kabla hajahakikishiwa usafiri.

Mwenye duka la pembejeo anaweza kumpa kazi ya kuhesabu bidhaa na kupanga dawa kwa tarehe za kuisha muda. Mnunuzi wa mazao anaweza kumpa kazi ya kulinganisha ndoo, debe na kilo, ili ajue lumbesa inamgharimu nani. (Wapo wanunuzi ambao hawatapenda jibu la hesabu hiyo, lakini Wakala wa Vipimo ataipenda.) Wenye kakao kule kandokando ya milima wanaweza kumtaka afuatilie uchachushaji na uanikaji, siku kwa siku, kundi kwa kundi. Kazi hazikosekani.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana hapa pana mchanganyiko wa maneno unaowaponza watu. Mwanafunzi wa fildi bado yuko chuoni, na majuma yake ni sehemu ya masomo na hupewa alama. Mhitimu anayetafuta uzoefu kazini ni mtu mwingine, amekwisha maliza shahada, na muda wake huhesabiwa kwa miezi. Mwanagenzi naye anajifunza ufundi, akigawanya muda kati ya chuo na karakana. Serikali ilitoa miongozo ya taifa ya uanagenzi na ya uzoefu kazini mwaka 2017, na TaESA hushughulika na kuwaunganisha wahitimu na waajiri. Anayemweka mhitimu kazini mwaka mzima kwa jina la fildi, akimpangia zamu kama wafanyakazi wengine bila mkataba wala malipo, ajue kwamba amejiandalia kesi chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Jina alilompa halitamwokoa.

Kwa huyu wa fildi, karatasi tatu zinatosha. Barua ya chuo inayomtambulisha, na usimpokee mtu asiye nayo hata kama ni mtoto wa shemeji. Jibu lako kwa maandishi, likitaja siku ya kuanza, siku ya kumaliza, kazi atakayofanya na jina la atakayemsimamia. Halafu makubaliano mafupi juu ya siri za biashara. Daftari la wadeni wako na bei unayonunulia si vitu vya kuandikwa kwenye ripoti itakayowekwa maktaba ya chuo. Mwambie siku ya kwanza kipi aandike na kipi aache, asije akaambiwa siku ya mwisho wakati ripoti imekwisha pigwa chapa.

Suala la fedha linataka uungwana. Vyuo kwa kawaida havikudai mshahara wa mwanafunzi wa fildi. Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupangiwa fedha za mafunzo kwa vitendo, lakini si wote wenye mkopo, na aliyetoka Dar es Salaam, Mzumbe au Chuo Kikuu cha Sokoine kuja Kisawasawa ana nauli, chumba na chakula cha kulipia. Usimdhalilishe kwa kumpa hela ya soda mbele ya watu kila jioni. Amueni mapema: ama utampa chakula cha mchana pamoja na wafanyakazi, ama utamlipia nauli ya kwenda na kurudi kazini, ama utampa kiasi fulani kwa juma. Ukimtuma Ifakara mjini, nauli ni yako. Ukimtaka apige simu kwa wateja, salio ni lako. Na akifanya kazi ambayo ungemlipa kibarua, kama kupakia fuso usiku, basi mlipe kama kibarua au usimwite kabisa.

Usimwachie kijana huyo droo ya fedha peke yake, wala simu ya wakala yenye namba ya siri. Hatusemi kwamba ni mwizi. Tunasema siku hesabu itakapopungua elfu ishirini, mgeni ndiye atakayeshukiwa kwanza, na hana wa kumtetea. Mpe kazi ya kuandika, mwingine ashike fedha.

Malazi na usalama vinahitaji kusemwa wazi, hasa kwa mabinti. Kijiji si bweni. Mwajiri mwenye akili humtafutia mwanafunzi wa kike chumba kwa familia inayojulikana, karibu na kazini, kabla hajafika, na humwombea chandarua, maana mbu wa bonde hili hawahitaji kutambulishwa kwa mtu. Humtambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa. Hamtumi mashambani jioni peke yake, wala hampakii bodaboda ya mtu asiyemfahamu.

Na lipo lile jambo ambalo watu hulizungumza kwa kunong'ona. Mwenye madaraka ya kutia sahihi kitabu cha mwanafunzi ana madaraka juu ya alama zake, na wapo wanaoyatumia vibaya. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, imeifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Mwenye biashara asidhani jambo hili ni la maofisi ya mjini. Kama msimamizi uliyemteua ni mpwa wako au fundi wako wa miaka kumi, bado ni wajibu wako kumwambia mwanafunzi siku ya kwanza kwamba akisumbuliwa aje kwako, na kumpa namba ya simu ya mama mmoja mtu mzima anayeweza kumweleza lolote. Pale ambapo mwenye biashara mwenyewe ndiye tatizo, mwanafunzi apige simu chuoni, au ofisi ya TAKUKURU, na aondoke. Majuma yaliyobaki yatafidiwa mahali pengine.

Kuhusu mashine na dawa, hapana mjadala. Mkanda wa mashine ya kukoboa hauulizi kama mtu ana shahada. Kijana asisogee mashine ikiwa inazunguka, nguo pana na mitandio mirefu ivuliwe au ifungwe, na ajue mahali pa kuzimia kabla ya kujua mahali pa kuwashia. Asipulizie dawa shambani bila glavu, buti na kinga ya pua, na kama huna vifaa hivyo basi asipulizie. Muulize mapema kama ana bima ya afya na ana namba ya ndugu wa karibu, uandike ndani ya jalada la daftari. Siku ya ajali si siku ya kuanza kutafuta.

Usimamizi wenyewe si mzigo kama watu wanavyodhani. Nusu saa kila Ijumaa inatosha, mradi iwe nusu saa ya kweli. Soma alichoandika juma zima katika kitabu chake cha kumbukumbu, kile wanachokiita logibuku. Muulize alichokiona na asichokielewa. Msahihishe. Kisha tia sahihi juma hilo peke yake. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu imekuwa desturi mbaya kwa mwajiri kutia sahihi kurasa zote kwa siku moja, nyingine zikiwa nyeupe, ili kijana "asisumbuke". Kijana naye hukaa nyumbani kwao akitunga. Hapo mwajiri ameshiriki uongo, na miaka miwili baadaye kijana huyo huyo atakuwa afisa ugani wa kata fulani, akimshauri mkulima juu ya kitu alichokitunga.

Mhadhiri kutoka chuoni hupita mara moja, mara nyingine kwa haraka, maana ana wanafunzi waliotawanyika toka Kidatu hadi Mlimba. Akifika, mwambie ukweli. Kama kijana ni mchelewaji, sema ni mchelewaji. Kama ni hodari, eleza hodari wa nini, kwa mfano. Neno "mzuri tu" halimsaidii mtu yeyote. Na kama chuo kimekuletea mwanafunzi asiyejua hata kusoma mizani, mwambie mhadhiri hilo pia, kwa adabu. Nao wanahitaji kuambiwa.

Inawezekana baada ya kusoma haya yote mwenye biashara akaona hana muda wala mtu wa kusimamia mwaka huu. Basi akatae, na akatae mapema, kwa maandishi. Jibu la hapana linalofika Aprili humpa kijana nafasi ya kutafuta kwingine. Jibu la "njoo tutaona" linalogeuka kuwa hapana siku ya Jumatatu, mtu ameshalipa chumba, ni ukatili.

Kwa aliyempokea, juma la mwisho lina kazi mbili. Ya kwanza ni ripoti. Chuo kitaitaka kwa Kiingereza, na hilo ni lao. Wewe mtake akuandikie kurasa mbili au tatu kwa Kiswahili: alichopima, alichokuta, na anachoshauri kibadilishwe, pamoja na gharama yake. Awasomee wafanyakazi wote kabla ya kuondoka, fundi wa mashine akiwepo, ili abishe pale anapoona kijana amekosea. Mabishano hayo yana thamani kuliko ripoti yenyewe.

Ya pili ni daftari. Mteue mtu wa kuliendeleza, aanze kuandika pamoja na mwanafunzi siku tano kabla hajaondoka, kwa mistari ile ile na mizani ile ile. Bila hivyo, Jumatatu inayofuata karatasi zake zitakuwa zimefungiwa vitumbua, na mwakani mwanafunzi mwingine atashuka kwenye basi aanze kupima upya kana kwamba hakuna aliyewahi kupima.